Kimoja Katika Viti Sita

Ukitaka kununua kiti cha zamani, kwanza usikikalie. Watu wengi hukosea hapo hapo. Mtu anakiona kiti, anakipapasa mgongo, anajitupa juu yake mzima mzima, halafu anasema, "Ah, kizuri hiki." Kizuri kwa nani? Kiti hupinduliwa kwanza, miguu juu. Unatazama chini ya kikalio, mahali ambapo mwenye duka hakutarajia utazame. Unanusa. Unatafuta unga mweupe wa wadudu wanaotoboa mbao. Unashika miguu ya nyuma, mmoja kila mkono, unaivuta kwa nguvu kama unataka kuiachanisha. Ukiridhika, hapo sasa unaweza kukaa.

Hayo nilimwambia mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee, tukiwa mlangoni mwa duka la Bwana Zamani, na nilisema kwa sauti kubwa makusudi ili mwenye duka asikie. Mimi ni fundi wa viti. Nimesuka vikalio na kuunga miguu iliyovunjika kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaani wananiita Mama Bayana. Jina hilo sikujipa. Nilipewa kwa sababu kazi yangu haifichwi. Nikiunga mguu, kiungo utakiona, kirefu, cha mshazari, mbao mpya na mbao kuukuu zimelaliana mbele ya macho ya kila mtu. Mteja akilalamika kwamba alama inaonekana, namwambia nenda kwa wanaoficha, na siku ukianguka usiniletee salamu.

Mkamwana wangu alicheka. Alikuwa na mimba ya miezi sita na nusu, na siku hizo alikuwa akicheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, moja mwezi wa tatu, nyingine mwezi wa tano. Hii ya tatu daktari aliiwekea masharti: asibebe ndoo, asipande juu ya kitu, asiiname kudeki, na zaidi ya yote asianguke. "Ukianguka, mama, sikuahidi chochote," alimwambia mbele yangu. Mwanangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, wiki tatu njiani, siku nne nyumbani. Siku aliyoondoka alinishika mkono akasema, "Mama, nakuachia watu wawili." Sisemi haya kwa majivuno. Nasema ili usije ukadhani sikujua.

Shida yao ilikuwa viti. Tangu wahamie nyumba ile walikuwa wanakalia vya plastiki, ambavyo mimi siviiti viti, naviita ndoo zenye mgongo. Meza walikuwa nayo, nzuri, ya mbao nzito. Mkamwana wangu akataka viti sita vinavyofanana, vya zamani, vyenye nguvu. "Mtoto akianza shule akae pale mezani aandike," alisema. "Asiandikie magotini kama mimi." Nani angemkatalia?

Duka la Bwana Zamani lilikuwa chumba kirefu chenye giza, dirisha moja tu mbele. Viti vilining'inia darini kwenye kulabu, miguu ikielekea chini, na ulipotembea ilibidi uinamishe kichwa. Kulinuka vanishi na vumbi. Saa za ukutani zilikuwa nyingi na hakuna hata moja iliyokuwa inatembea. Mwenyewe alikaa nyuma kabisa, mzee mwembamba nadhifu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Hakuinuka. Alisema tu, "Karibuni. Fundi, leo umeleta mgeni."

Nikaanza kazi. Kiti cha enzi chenye miguu ya simba: nikakipindua, unga ukamwagika. "Hiki kimeliwa, kimebaki na adabu tu." Kiti cha kubembea: kimoja cha vyuma vyake vya chini kimepinda. Viti vinne vilivyopakwa rangi nyeusi, nzito, mpya: sikuvigusa hata. "Mwanangu, kiti cha zamani kikipakwa rangi namna hii, jua kuna jambo. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua." Nilikuwa nimenoga. Kila neno nililisema nikimtupia jicho Bwana Zamani, naye alinisikiliza bila kukasirika, akitikisa kichwa polepole. Kwa nini hakasiriki, nilijiuliza. Laiti ningejiuliza zaidi.

"Mama! Njoo uone!"

Alikuwa nyuma ya kabati kubwa, na sauti yake ilikuwa na furaha. Nikazunguka kabati. Vilikuwa sita, vya mvule, vimepangwa ukutani. Vikalio vyake vilikuwa vya henzirani, zile nyuzi nyembamba za kusukwa matundu matundu. Mgongo ulikuwa na vijiti vitatu vilivyopindwa kwa ustadi. Rangi ilikuwa ya asali, moja, kutoka cha kwanza hadi cha sita.

Vile viti nilivijua. Rangi ile niliipiga mimi.

Nikwambie, maana sijawahi kumwambia mtu. Miaka tisa kabla ya siku hiyo, Bwana Zamani aliniletea viti hivyo hivyo. Kimoja mguu wake wa nyuma ulikuwa umekatika vipande viwili. Kwenye viti vya aina hii mguu wa nyuma na nguzo ya mgongo ni mti mmoja, unapanda kutoka sakafuni hadi begani, na ulikatika pale pale unapokutana na kikalio. Hapo ndipo uzito wote wa mtu huangukia anapoegemea. Nikamwambia nitaunga kwa mshazari, alama itaonekana, ila kiti kitabeba hata ng'ombe. Akasema mteja wake anataka viti sita visivyo na doa. Nikakataa. Akatabasamu.

"Si kwamba hutaki, Fundi," akasema. "Huwezi. Mkono wako haufiki huko, ndiyo maana umeugeuza ukawa uaminifu."

Mimi! Kuambiwa siwezi! Ningetukanwa matusi ya nguoni ningevumilia. Nilivichukua viti vile, nikafunga mlango wa karakana siku kumi na moja. Nikatoboa kwa keekee pande zote mbili za mguu, nikaingiza kijiti kifupi, unene wa kidole, nikagandisha. Ufa uliobaki nikauziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao ile ile. Nikachora nyuzi za mbao kwa unyoya, moja moja. Kisha nikavikwangua vyote sita na kuvipiga polishi upya ili vifanane. Alipokuja nikavipanga mstari nikamwambia, "Kitafute." Akavaa miwani zote mbili. Akatafuta hadi jasho likamtoka, akashindwa. Nilicheka hadi machozi. Alipokwenda, nikajaribu mwenyewe. Nami nikashindwa. Unadhani niliogopa? Thubutu. Nilijiona bingwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu anayeziba ufa usionekane tu. Kijiti kile kifupi kingemstahimili mtu anayekaa wima, miaka mingi. Mtu anayejiachia nyuma kwa uzito wake wote, kisingemstahimili. Na mwenye mimba kubwa anakaaje? Hujiachia nyuma.

Nikamwacha mkamwana wangu akipapasa henzirani, nikamfuata Bwana Zamani kule nyuma.

"Ni vile?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Ni vile. Wenyewe wamehama, wamenirudishia."

"Kipi?"

"Unaniuliza mimi?" Akashusha miwani ya utosini. "Wewe ndiye uliyekificha."

"Yule ni mke wa mwanangu. Ana mimba, amekatazwa kuanguka."

"Basi mwambie." Hakupandisha sauti wala hakutabasamu. "Nani amekuziba mdomo, Fundi? Mwite hapa umwambie Mama Bayana naye amewahi kuficha. Mimi sitamzuia kuondoka."

Nilikuwa nimetoka kuhubiri duka zima. Mkamwana wangu akaja akitembea taratibu, ameshika kiuno.

"Mnanong'ona nini? Mnanipandishia bei?"

"Tunabishana," nikasema. "Vile viti sivipendi. Henzirani imelegea."

"Mama, si wewe msusi wa henzirani?" Akacheka, na Bwana Zamani naye akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. "Vingine vyote umevikataa. Hivi hujavikuta na kosa ila kamba. Ndivyo nitakavyochukua."

Nikakosa la kusema. Hapana, hapo nadanganya. La kusema lilikuwepo, lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza.

Viti vikaja kesho yake kwa mkokoteni. Nilikuwa nimetangulia pale nyumbani, nimesimama mlangoni kama askari. Nikamwambia, "Hivi hakuna kukaa mpaka nimalize kuvikagua. Hata mgeni akija, mpe ndoo yenye mgongo." Akatii. Yule binti ana utii wa kuudhi, ukimwambia jambo anashika. Alivipanga vyote kuzunguka meza, akavipangusa, akaendelea kukaa kwenye plastiki huku akivitazama.

Nilikwenda kwake kila asubuhi. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nikitafute kile kibovu, nikiondoe kwa kisingizio, na habari ife hapo. Aibu yangu ingebaki karakana, na mtoto angebaki salama. Niliona nimepata njia ya kupita katikati.

Siku ya kwanza niligonga kila mguu kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, nikitafuta sauti iliyokufa. Yote ililia sawa. Siku ya pili nilipitisha ukucha. Siku ya tatu nilikuja na tochi nikamulika kwa pembeni ili mwanga ulambe mbao, maana hapo hata kovu dogo huonyesha kivuli. Hakuna. Siku ya nne nilipangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa gundi na mbao havinywi maji sawa. Vilikunywa sawa. Nilivikalia vyote, nikajiegemeza kwa nguvu, nikitaka kianguke na mimi, kinivunje mimi kiuno. Kianguke wapi! Mimi ni mkavu kama kuni, uzito sina.

"Mama, unavitesa viti vya watu," mkamwana wangu alisema, akinitazama nikiwa chini ya meza na tochi mdomoni. "Kuna nini?"

"Wadudu."

"Umewaona?"

"Bado."

Mwanangu alipiga simu jioni ile. Nilimsikia mkewe akimwambia, "Mama anavikagua siku ya nne leo, wewe usiwe na wasiwasi." Nikajificha jikoni, nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Siku ya tano nikakiona. Kiti cha nne, mguu wa nyuma wa kushoto, juu kidogo ya kikalio, upande wa ndani: mstari mfupi, mwembamba kuliko unywele. Nikaumulika kwa tochi. Nikaupangusa. Nikaugusa kwa ncha ya sindano, na sindano ikakamata. Nilikaa sakafuni nikafumba macho. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza, na ndani ya furaha kulikuwa na kijiba: kumbe mkono wangu haukuwa hodari kama nilivyojisifu. Miaka tisa imeuumbua. Nikasema asante, nimeshushwa, nimekubali.

Nikamwambia mkamwana wangu kwamba kiti kile henzirani yake imeoza, nakipeleka karakana kukisuka upya. Kisha nikasema maneno mengine, na haya hakuna aliyenilazimisha kuyasema. Nilisema, "Hivi vitano ni vyako. Kaa utakavyo. Jiachie, egemea, lala kabisa ukitaka."

Akavuta kimoja pale pale akakaa, taratibu, akajiegemeza, akafumba macho. Kikanyamaza. "Ah, Mama," akasema. "Mgongo wangu unakuombea dua." Nikaondoka na kiti changu kichwani, nikipiga mluzi barabarani. Mwanamke wa umri wangu, mluzi!

Siku tatu nilikiacha karakana bila kukigusa. Nilikuwa na kazi za watu, na kusema kweli nilikuwa na raha, sikutaka kuiharibu. Siku ya nne, baada ya chai ya asubuhi, nikakibana kwenye jiriwa. Nilikusudia kulitengeneza lile kosa kwa haki: nikate mguu, nitoe kijiti changu kifupi, niunge mshazari mrefu unaoonekana. Nilikuwa hata nimeshachagua kipande cha mvule. Nikashika msumeno, nikakata kwenye ule mstari.

Msumeno ulipofika katikati nikaanza kuhisi jambo. Kijiti kingekuwa hapo, na kijiti kina mbao iliyosimama vingine, msumeno ungenung'unika. Haukunung'unika. Ulikwenda tu. Nikamaliza kukata, nikageuza kipande kwenye mwanga wa mlango.

Hakukuwa na kijiti. Kulikuwa na mshazari mrefu, shubiri nzima, umelala na nyuzi za mbao ndiyo maana sikuuona, na nilichokuwa nimekiona ni ncha yake tu. Gundi ilikuwa nyeupe, ya siku hizi. Mimi wakati ule nilikuwa bado nachemsha ya kahawia. Kwa hiyo katika ile miaka tisa kiti kingine kilivunjika kule kwa wenyewe, na fundi mwingine, simjui, mtu wa haki, alikiunga kama inavyopasa. Kiti kile kilikuwa ndicho chenye nguvu kuliko vyote sita. Na nilikuwa nimekikata kwa mkono wangu.

Sikulia. Nilisimama na kipande mkononi, na jambo likanijia polepole, kwa maneno kabisa: kama nimekiona, si changu. Changu hakionekani. Changu kiko mezani kwa mwanangu.

Nikachukua simu. Akapokea mlio wa pili.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nipo nyumbani. Napanga nguo za mtoto mezani. Mama, soksi zake uzione, hata kidole gumba changu hakiingii."

"Umesimama au umekaa?"

"Nimesimama. Kwa nini?"

Maneno yalikuwa matatu tu. Usivikalie, nilificha ufa. Mtoto mdogo angeyasema. Na nikwambie kilichopita kichwani mwangu wakati ule, maana nimeapa kutoficha tena: sikufikiria mimba. Nilifikiria maswali yake. Ufa gani? Ulificha lini? Mbona dukani ulinyamaza? Mbona uliniambia nijiachie? Nilimwona akimsimulia mwanangu. Niliona habari ikitoka pale, inavuka barabara, inafika sokoni, kila mtu ambaye nimewahi kumtukania fundi wake akishika mbavu. Ni muda mfupi sana, pumzi mbili. Nikasema:

"Nakuja kuvichukua na vile vitano. Nimepata henzirani mpya, nataka vyote vifanane."

"Ai, Mama! Sasa nitakaa wapi?" Akacheka. "Haya, njoo. Na miguu yenyewe imenivimba, wacha nikae nikusubiri."

"Ngoja," nikasema. "Ngoja, mwanangu, usi..."

Alikuwa ameshakata.

Nikapiga tena. Iliita hadi ikachoka. Nikapiga tena. Iliita. Nilitoka bila kufunga karakana, na viatu vya kazini, nikamsimamisha mwenye pikipiki wa kwanza nikampigia kelele aende, na alipouliza wapi nikampigia kelele tena. Njia nzima nilikuwa napiga simu, na njia nzima ilikuwa inaita. Nilijiambia ameiacha mezani. Nilijiambia yuko chooni. Ni dakika kumi na tano kutoka kwangu hadi kwake, na kwa hizo dakika kumi na tano niliahidi kumwambia kila kitu, yeye na mtaa mzima, nisimame sokoni nitangaze, mradi nimkute amesimama.

Mlango ulikuwa wazi. Mama wa nyumba ya pili alikuwa amepiga magoti sakafuni, amempakata kichwa. Nguo za mtoto zilikuwa zimesambaa, nadhani alishika kitambaa cha meza alipokuwa anakwenda chini. Simu ilikuwa inaita kwenye kona, chini ya kabati, na jina langu lilikuwa linawaka. Kiti kilikuwa kimelala ubavu. Mguu wake wa nyuma ulikatika sawasawa, kama mua, na kijiti changu kilikuwa kimechungulia nje, kifupi, cheusi kwa gundi.

"Mama," akasema aliponiona. "Nimeanguka." Alisema kama mtoto anayeomba radhi kwa kuvunja sahani.

Yule jirani alinitazama. "Fundi gani huyu alitengeneza kiti hiki?" akauliza. "Huyu ni wa kufungwa." Nikasema twende, twende, tutafute gari. Hata hapo sikumjibu.

Mtoto alizaliwa saa kumi alasiri. Wa kiume. Hakulia. Mkunga alimfunga kwenye khanga akaniuliza kama nataka kumshika, nikamshika. Alikuwa mwepesi, na kucha zake zilikuwa zimekamilika zote. Mwanangu alikuwa mwendo wa siku mbili. Nilimpigia mimi. Akasikiliza, kisha akauliza tu, "Na mwingine?" Nikamwambia mwingine ni mzima. Akasema, "Asante kwa kuwa naye, Mama." Mwanangu alinishukuru!

Jioni wakaniruhusu kuingia wodini. Alikuwa amelala chali, uso umekauka, macho kwenye dari. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kwa kuwa viti vya pale sikuweza kuvitazama. Akautafuta mkono wangu akaushika.

"Usijilaumu, Mama," akasema. "Wewe ulivikagua. Siku tano ulivikagua. Kile kibovu ulikiondoa, hiki hukuweza kukijua."

Sijui mtu hubeba maneno kama yale vipi. Nilitaka aninyamazie, nilitaka anitukane. Nikautoa mkono wangu ndani ya mkono wake, nikamwambia. Nilianza na Bwana Zamani na zile siku kumi na moja, nikamwambia na unyoya, nikamwambia nilivyocheka. Nikamwambia tulichonong'ona dukani. Nikamwambia sikuwa natafuta wadudu. Nikamwambia habari ya msumeno na mshazari wa yule fundi wa haki, na saa niliyokata, na kwamba simu niliipiga baada ya hapo. Sikulia, sikujipa haki ya kulia. Yeye alisikiliza bila kugeuza kichwa hadi nilipomaliza. Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa.

"Kwa hiyo uliponipigia," akasema, "ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na nilikuambia nimesimama."

"Uliniambia."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Alikuwa anajaribu kuelewa, kama anavyojaribu kila ninachomwambia.

"Ungeniambia tu, Mama," akasema. "Ningekaa sakafuni."